Kocha Akiondoka, Ufunguo wa Ofisi Hubaki na Nani?

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 26 Januari 2024. Tumetoka msikitini, wengine bado wanatafuta makubadhi yao mlangoni, mara simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Jürgen Klopp ametangaza kwamba msimu ukiisha anaondoka Liverpool. Rafiki yangu mmoja, mtu mzima ana wajukuu, alikaa kwenye baraza ya duka lililofungwa akashika tama kama aliyeletewa habari ya msiba. Mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilicheka.

Mimi ni mtu wa Manchester United tangu enzi za Cantona, na siku ile nilikuwa nimeingoja kwa miaka. "Karibuni," nikamwambia. "Sisi tuliingia humu 2013 na mlango wa kutokea hatujauona. Sasa ni zamu yenu, yakhe." Nikamwahidi mbele ya watu kwamba Liverpool wakichukua ubingwa ndani ya miaka mitano baada ya Klopp, kahawa yake ya jioni nitailipa mimi mwezi mzima. (Msiniandikie kuhusu kamari. Imamu ameshanikanya, na ahadi yenyewe ilikuwa ya upande mmoja.)

Haikuchukua miaka mitano. Tarehe 27 Aprili 2025 Liverpool waliifunga Tottenham 5-1 pale Anfield wakatawazwa mabingwa, mechi nne zikiwa bado kuchezwa, katika msimu wa kwanza wa Arne Slot. Kahawa nililipa. Lakini tangu hapo nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi, maana hoja yangu haikuwa kijembe cha kishabiki peke yake. Niliamini kwamba mtu mkubwa akiondoka nyumba huanguka. Old Trafford niliiona ikianguka kwa macho yangu. Kwa nini kwa jirani haikuanguka?

Nimerudi nyuma nikazipanga tarehe, na nilichokiona ni hiki. Sisi mashabiki wa United tumekuwa tukilia miaka yote kwamba tatizo letu ni kuondoka kwa Alex Ferguson. Si kweli. Wazee huondoka. Tatizo letu ni kwamba Ferguson aliondoka pamoja na mtu ambaye kazi yake ingekuwa kumtafuta mrithi na kumsaidia akae.

Mtu huyo ni David Gill. Alikuwa mtendaji mkuu wa klabu tangu 2003. Ndiye aliyekuwa akizungumza na klabu nyingine, akijua mchezaji yupi anauzwa kweli na yupi anatajwa tu ili bei ipande. Februari 2013 akatangaza kwamba msimu ukiisha anaachia ngazi. Tarehe 8 Mei, Ferguson naye akatangaza kustaafu, baada ya miaka 26 na mataji 13 ya ligi. Basi katika majira yale yale ya joto, klabu ikampoteza anayepanga timu na anayenunua wachezaji.

Mahali pa Gill akakaa Ed Woodward, mtu wa benki aliyeisaidia familia ya Glazer kuinunua klabu mwaka 2005, kisha akaing'arisha idara ya biashara. Kwa wadhamini alikuwa hodari, sikatai. Lakini soko la wachezaji ni soko lingine. Mahali pa Ferguson akaja David Moyes kutoka Everton, aliyependekezwa na Ferguson mwenyewe, akapewa mkataba wa miaka sita. Na Moyes alipoingia akafanya jambo ambalo makocha wengi hulifanya: akawaondoa wasaidizi wa aliyemtangulia, Mike Phelan, René Meulensteen na mkufunzi wa makipa Eric Steele, akaja na watu wake wa Everton.

Hebu lihesabuni hilo. Mwezi Mei klabu ilikuwa bingwa wa Uingereza. Mwezi Agosti hakuna kocha mkuu, hakuna mtendaji, hakuna wasaidizi watatu, wote waliokuwa wakijua ule ubingwa ulipatikana vipi. Kilichobaki ni wachezaji na uwanja. Dirisha la uhamisho likapita wakipeleka ofa hapa na pale, na saa za mwisho kabisa wakamchukua Marouane Fellaini kwa pauni milioni 27.5. Aprili 2014, Moyes akapigwa kalamu siku mbili baada ya kufungwa na Everton yake ya zamani. Miaka sita ikawa miezi kumi. Timu ikamaliza ya saba.

Yaliyofuata mnayajua, nitapita haraka kwa sababu yananiuma. Louis van Gaal alishinda Kombe la FA Jumamosi, Jumatatu akamwaga unga. José Mourinho akaja, akaondoka Desemba 2018. Ole Gunnar Solskjær, kisha Ralf Rangnick kwa muda, kisha Erik ten Hag. Kila mmoja alikuja na mpira wake na orodha yake ya wachezaji, na kila mmoja akamwachia anayefuata kikosi kilichoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Ten Hag alitaka vijana aliowajua Ajax. Antony peke yake aligharimu zaidi ya pauni milioni 80. Novemba 2024 akaja Ruben Amorim, anayecheza na mabeki watatu nyuma, akakabidhiwa wachezaji walionunuliwa kwa mpango wa wanne. Ligi ilipoisha walikuwa nafasi ya 15.

Na hapa kuna jambo moja ambalo mashabiki wenzangu huniona kama nimetunga nikiwaambia. Manchester United hawakuwa na mkurugenzi wa soka hadi Machi 2021, alipoteuliwa John Murtough. Yaani kwa karibu miaka minane baada ya Ferguson, klabu tajiri kama ile haikuwa na ofisi ambayo kazi yake ni kujibu swali hili tu: sisi tunacheza mpira gani, na kocha gani anafaa kuucheza? Kama swali hilo halina mwenyewe, basi kila kocha mpya hulijibu upya, na jibu lake huondoka naye.

Sasa tuje kwa jirani, na nitajitahidi kuwa mwadilifu.

Msidhani Liverpool walikuwa malaika. Wao nusura watumbukie shimo lile lile. Michael Edwards, mkurugenzi wa michezo aliyesifiwa kwa usajili wa miaka ya Klopp, aliondoka 2022. Msaidizi wake, Julian Ward, akashika nafasi. Kabla hata ya mwaka kwisha akasema naye anaondoka. Wakamleta Mjerumani mmoja, Jörg Schmadtke, kwa mkataba mfupi wa kuvusha tu. Ian Graham, aliyejenga idara yao ya takwimu tangu 2012, naye akaenda zake 2023. Kwa hiyo Klopp alipotoa habari yake ile Januari 2024, na Schmadtke anafungasha, ofisi ilikuwa karibu tupu. Nilipokuwa nikicheka pale nje ya msikiti sikuwa mjinga, jamani. Dalili zote zilikuwepo.

Tofauti ilikuja baada ya hapo, na ni tofauti ya mpangilio. Kwanza, Klopp alikuwa amewaambia wakubwa zake tangu Novemba 2023. Sisi tulisikia Januari, wao walikuwa na muda. Pili, na hili ndilo nililolidharau, hawakukimbilia kocha. Magazeti yote yalikuwa yakiimba jina la Xabi Alonso, mchezaji wao wa zamani, aliyekuwa akiwika na Bayer Leverkusen. Mashabiki wakimtaka. Lakini Machi, kabla ya kocha yeyote kuchaguliwa, wenye klabu walimrudisha Edwards na kumpa cheo kikubwa zaidi juu ya mambo yote ya soka, na yeye akamleta Richard Hughes kutoka Bournemouth kuwa mkurugenzi wa michezo. Kwanza wakampata anayechagua. Kisha ndiyo wakachagua.

Mwisho wa Machi Alonso akasema anabaki Leverkusen. Kama klabu ingekuwa imeegemea jina hilo moja, ingekuwa kilio. Magazeti yakageukia Amorim, wakati huo akiwa Sporting ya Lisbon. Naye hakuchukuliwa. Akachukuliwa Arne Slot wa Feyenoord, bingwa wa Uholanzi 2023, mtu ambaye pale barazani kwetu hakuna aliyeweza kumtaja klabu yake ya zamani. Rafiki yangu alikasirika. "Ndio nani huyu?" Lakini ukiitazama timu ya Slot pale Rotterdam, ilicheza na mabeki wanne, ikikaba juu, mabawa yakienda kasi. Ilikuwa binamu wa timu aliyoiacha Klopp. Hakutafutwa mtu mwenye jina, alitafutwa mtu ambaye wachezaji waliopo wangemwelewa siku ya kwanza. Na ndiyo maana majira yale alipata kuongezewa mchezaji mmoja tu wa kutumika, Federico Chiesa, na bado akachukua ligi. Viungo waliombeba, Alexis Mac Allister, Dominik Szoboszlai na Ryan Gravenberch, walikuwa wamesajiliwa 2023, katika kile kipindi cha ofisi kuyumba.

Cheo chake pia kinasema kitu. Klopp aliitwa meneja. Slot aliajiriwa kama kocha mkuu. Kufundisha ni kwake. Kununua, kuuza, mikataba, kuna wenyewe. Si heshima ndogo, ni mzigo mdogo, na siku atakapoondoka ataondoka na mzigo wake tu.

Halafu kuna siku ya kuaga. Tarehe 19 Mei 2024 Klopp alisimama katikati ya uwanja, watu wanalia, akawaimbisha jina la Slot. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Wenzangu watasema Ferguson naye aliwaomba watu wasimame na kocha mpya. Ni kweli, aliomba. Lakini kisha akabaki mkurugenzi, na msimu mzima Moyes akicheza nyumbani kamera zilikuwa zikipanda jukwaani kuutafuta uso wa mzee. Klopp aliondoka Uingereza, na wasaidizi wake Pep Lijnders na Peter Krawietz wakaondoka naye. Liverpool wenyewe walijua mambo hayo tangu zamani. Bill Shankly alipojiuzulu 1974 aliendelea kuja mazoezini, wachezaji wakaendelea kumwita bosi mbele ya Bob Paisley aliyemrithi, mpaka ikabidi aambiwe kwa upole apunguze. Kumwambia mzee kama yule apunguze kuja si kazi rahisi. Lakini Paisley alikaa misimu tisa akachukua ligi sita na Kombe la Ulaya mara tatu.

Mtaniuliza, mbona msimu uliofuata Slot aliteseka? Kweli, kati ya Septemba na Novemba 2025 Liverpool walipoteza mechi sita katika saba za ligi, moja wakifungwa na sisi pale pale Anfield. Sikuwaringia sana, maana walikuwa wamemzika Diogo Jota mwezi Julai, na msiba ni msiba. Ofisi nzuri haizuii kufungwa. Walinunua wengi kwa mkupuo, na timu ikachelewa kushikana. Ninachosema ni kwamba ofisi nzuri humwezesha mtu kujua amekosea wapi, kwa sababu aliyenunua bado yupo, na karatasi zake zipo.

Linganisha na sisi. Ten Hag aliongezewa mkataba Julai 2024, akafukuzwa Oktoba. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo tuliyemngoja miezi kadhaa aruhusiwe na Newcastle, alianza kazi Julai mosi akaondoka Desemba. Kwa hesabu za klabu yenyewe, kuwaondoa kocha, wasaidizi wake na mkurugenzi huyo kuligharimu pauni milioni 14.5. Mimi nina diploma ya uhasibu tu, lakini najua ingizo kama hilo huandikwa upande gani wa daftari.

Nimeyasema ya Uingereza kwa urefu kwa sababu ndiyo tunayoyabishania kila jioni. Ila wakati wote nilipokuwa nikizipanga hizi tarehe nilikuwa na Mombasa kichwani.

Kwenye timu ya taifa, Desemba 2024, kocha Engin Fırat alijiuzulu na mwezi huo huo uongozi wa Nick Mwendwa ukamalizika FKF. Kocha na mwajiri wake, mwezi mmoja. Mimi nilisema kwisha. Lakini kwa bahati, au kwa akili, uongozi mpya wa Hussein Mohammed uliingia kwanza, na Machi 2025 ndipo Benni McCarthy akatangazwa. (Naam, yule yule aliyekuwa akiwafundisha washambuliaji wetu Old Trafford chini ya Ten Hag.) Agosti tukafika robo fainali ya CHAN nyumbani, tukatolewa na Madagascar kwa penalti. Si kombe, lakini Kasarani ilijaa.

Bandari FC ndiyo inayonikosesha usingizi. Ni timu ya Mamlaka ya Bandari, na ndiyo iliyobaki kutushikia heshima ya Pwani. Mwaka 2019 chini ya Bernard Mwalala walichukua kombe la FKF kwa kuifunga Kariobangi Sharks 3-1, wakamaliza wa pili ligini, wakaenda Kombe la Shirikisho la Afrika hadi mchujo wa mwisho kabla ya makundi. Tangu hapo makocha wamekuja na kwenda, na hatujakaribia tena pale. Sasa tazama juu yao: kati ya 2016 na 2022 Mamlaka yenyewe ilipitia wakurugenzi na makaimu wakurugenzi wasiopungua wanne. Sisemi kwamba kila mkurugenzi alikuja na kocha wake. Nauliza tu kama mashabiki wenzangu: kocha akiondoka Mbaraki leo, orodha ya wachezaji aliokuwa akiwafuatia Likoni, Malindi na Kwale inabaki na nani? Kuna mtu mmoja, mwenye dawati, ambaye si kocha wala si bosi wa bandari, anayejua Bandari inacheza mpira gani? Kama yupo, nitafurahi kumwona kwa jina. Feisal walikuwa mabingwa wa Kenya 1965, kutoka hapa hapa Mombasa. Leo ukimtajia kijana Feisal anadhani unamzungumzia mchezaji wa Tanzania.

Na nisiwalaumu wakubwa peke yao. Mtaani kwetu tulikuwa na timu, mimi nikiwa mweka hazina. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa watu, hilo sitamnyima. Jezi ni yeye, nauli ni yeye, mkufunzi akilipwa analipwa na yeye. Siku alipopata kazi Ghuba tulimfanyia dua na biriani, tukampeleka uwanja wa ndege kwa matatu mbili. Wiki ya tatu akatufuata kijana mmoja, winga wa kushoto, miaka 18, ameitwa majaribio na klabu ya ligi ya chini Nairobi. Wanataka barua ya kumwachilia, yenye muhuri wa timu. Tukautafuta muhuri. Muhuri uko kwa mwenyekiti. Cheti cha usajili, kwa mwenyekiti. Akaunti ya benki ina watia saini watatu: mwenyekiti, mkufunzi aliyeondoka mwezi huo huo kwa kukosa mshahara, na mzee mmoja aliyekwisha fariki, Allah amrehemu. Tukapiga simu. Akasema mambo yote yamo kwenye briefkesi, na briefkesi iko kwa dada yake, na dada yake amesafiri Lamu.

Barua ilipatikana baada ya wiki tano. Kijana alikwenda, akaambiwa nafasi imeshachukuliwa. Sasa anaendesha tuktuk, nami nikimsimamisha hataki kuchukua nauli. Mimi ndiye niliyekuwa nikihifadhi daftari la pesa miaka minne, na hata siku moja sikuuliza muhuri unalala wapi.

Mwaka jana vijana wamelianzisha tena, kwa jina jingine kwa sababu lile la zamani hatukuweza kulisajili upya. Wakaniomba niwe katibu. Nikakubali kwa sharti moja, wakacheka, wakadhani ni uzee unaanza. Majina ya wachezaji, namba za wazazi wao, nakala ya cheti na orodha ya watia saini tumeviandika katika daftari mbili. Moja iko kwangu. Nyingine iko kwa naibu katibu, mwanafunzi wa chuo, binti wa yule rafiki yangu wa Liverpool. Muhuri uko kabatini madrasa, na funguo za kabati ni tatu.